Uwanja wa Chande

"Simama! Simama hapohapo. Umepita tena."

Walburga aliinua upinde kutoka kwenye nyuzi za selo, akamkazia Chande lile jicho ambalo wateja wake hulipata wanapoleta kitambaa cha mita mbili na kutaka gauni la mita nne. Chande alikuwa amekalia kiti cha wateja, gitaa mapajani. Wala hakuogopa. Alikirudia kile kipande alichokiongeza, taratibu, akikisikiliza kama anayeonja mchuzi.

"Hicho hakipo," Walburga alisema, akigonga karatasi ya nota aliyoibana kwa vibanio vya nguo kwenye kichwa cha cherehani. "Nionyeshe kilipo."

"Hakipo, dada. Ndiyo maana nimekiweka."

"Chande, kesho ni misa. Si harusi ya mjomba wako Tunduru."

"Mjomba wangu angekuwepo kesho, masista wangemsahau Papa."

Walburga alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Pale mlangoni palikuwa na watu wawili watatu waliosimama kusikiliza, maana mtaa wa Majengo mtu hafanyi jambo la ajabu peke yake, na jambo lenyewe lilikuwa la ajabu kweli: mshona nguo na muuza korosho wanapiga muziki wa misa katikati ya mabaki ya vitenge, na kati yao wawili hakuna anayekubali kushindwa.

Kwa asiyeijua, selo ni fidla iliyokula ikashiba. Huiweki begani, unakaa, unaisimamisha katikati ya magoti, unaikumbatia, kisha unapitisha upinde juu ya nyuzi zake. Sauti yake ni ya mtu mzima anayeimba huku amefumba mdomo. Songea nzima ilikuwepo moja tu, na hiyo aliyokuwa akiipiga Walburga haikuwa mali yake. Ilikuwa ya masista. Iliachwa na wamisionari wa zamani, ikapokelewa na Sista Notburga, naye akawafundisha wasichana wa shule kizazi baada ya kizazi. Wasichana waliolewa, walihama, walisahau. Walburga hakusahau. Sista alipovimba viungo vya vidole hata asiweze kushika upinde, alimkabidhi selo na kumwambia aende nayo nyumbani ikapate hewa.

Basi ikapata hewa ya Majengo. Uzi wake mnene ulipokatika, duka la kuuza uzi wa namna hiyo halikuwepo popote, na fundi wa bodaboda akampa waya wa klachi. Waya ule unaimba mpaka leo, ingawa baridi ikizidi unanguruma. Utomvu wa kupaka kwenye upinde aliletewa kutoka kwenye misonobari ya kijiji cha Wino, akaukausha mwenyewe juani. Mume wa Walburga alikufa, watoto wakaenda kutafuta maisha, na kila jioni baada ya kufunika cherehani aliivuta ile selo, akaiegemeza kifuani, akasahau kwamba alikuwa peke yake. Alikuwa anaipenda. Hakuna haja ya kuzungushazungusha maneno.

Sasa wakataka kuichukua.

Mama Mkuu mpya, Sista Oliva, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mpangilio. Alikuta vitu vya kale vya misheni vimezagaa stoo, taa za mafuta, pasi za mkaa, mashine ya kupiga chapa, akamwita fundi Osmund atengeneze kabati kubwa la mninga lenye milango ya kioo, vitu vikae humo watu wavione. Kwenye sehemu ya katikati, ile ndefu, alipanga kusimamisha selo.

"Kitu kinachofanya kazi, kifanye kazi," alimwambia Walburga. "Kisichofanya, kikae kabatini kitunzwe. Niambie mwanangu, selo hii imesikika lini kwenye misa yetu?"

Walburga akaomba kitu ambacho hakuwa amekipanga kuomba: aruhusiwe kupiga wakati wa matoleo, zawadi zinapopelekwa altareni, siku ya yubilei ya dhahabu ya Sista Notburga, miaka hamsini ya utawa wake.

"Sawa, piga. Ikifaa, nitaona. Isipofaa, ukitoka misani uilete moja kwa moja ukumbini. Osmund atakuwa ameshaweka vioo."

Chande aliingia kwenye habari hii kwa kupitia dirishani. Alikuwa akiuza korosho zake barazani na gitaa pembeni, kupunguza uchovu wa kusubiri wateja. Jioni moja Walburga alikuwa akipiga, akasikia huko nje kuna kitu kinamjibu. Alifungua dirisha kwa hasira. "Nani huyo?"

"Ni mimi, dada. Samahani. Ilikuwa kama inaniita."

Tangu jioni hiyo hawakuachana. Chande hajui nota hata moja. Muziki wake wote uko masikioni na vidoleni, na leo haupigi kama jana. Walburga hajawahi kupiga sauti ambayo haikuandikwa. Ukimwondolea karatasi, mkono wake unaganda. Kwa hiyo alipotunga wimbo wa yubilei aliandika kila kitu, sehemu yake na sehemu ya Chande, akamfundisha Chande kwa kumwimbia. Katikati tu aliacha mistari mitupu ya nota, na juu yake akaandika kwa kalamu ya risasi: Uwanja wa Chande. Hapo, na hapo tu, Chande angepiga anachotaka huku selo imenyamaza. Mpaka ulikuwa wazi. Tatizo ni kwamba Chande alikuwa na tabia ya kuruka ukuta.

"Mimi Mwislamu, misani nitakaaje?" alikuwa ameuliza siku ya kwanza.

"Hujaitwa kukomunika. Umeitwa kupiga gitaa."

"Basi bismillahi."

Na urefu wa wimbo ule Walburga aliupima, kama anavyopima mkono wa shati. Mama Mkuu alisema matoleo yatakuwa mafupi, wawakilishi tu wa jumuiya. Walburga akaenda kanisani siku ya kazi, akajitwika kapu la mahindi, akacheza peke yake kutoka mlangoni hadi altareni huku Chande akimpigia. Sakristani, mtunza kanisa, alichungulia, akajua mama wa watu amerukwa na akili. Lakini wimbo ulikaa sawasawa. Kapu linatua chini, upinde unatua.

"Na watu wa Lusewa?" Chande aliuliza sasa, akifungafunga gitaa lake. Lusewa ndiko kwao Sista Notburga.

"Mama Mkuu amewaambia zawadi zao wazipeleke ukumbini, baada ya misa. Wamekubali."

"Wamekubali kwa simu?"

"Kwa simu."

Chande akapiga paja. "Dada, ninyi Wangoni ni watani zangu, nawajua. Mbuzi wa yubilei apite mlango wa nyuma kama wa wizi? Thubutu!"

"Nenda kalale, Myao wewe."

*

Asubuhi mlima Matogoro ulikuwa umejifunika ukungu mpaka mabegani, na baridi ya Songea mwezi wa saba haina adabu. Waumini waliingia na masweta juu ya vitenge vipya. Walburga na Chande walikaa pembeni mwa altare, yeye kwenye stuli, Chande kwenye kiti cha chuma, wote wamevaa kitambaa kimoja cha rangi ya udongo mwekundu alichokishona usiku wa juzi. Mikono ya Walburga ilikuwa ya baridi. Aliificha kwapani, akaitoa, akaificha tena.

Sista Notburga alikaa mbele kabisa kwenye kiti chenye maua, taji dogo la dhahabu juu ya shela lake, mkongojo magotini. Alipowaona alitikisa kichwa kidogo kwao, kwa namna ya mwalimu anayemwambia mtoto afute mafua kwanza. Upande wa pili Mama Mkuu Oliva alishika ratiba yake.

Mahubiri yakaisha. Kwaya ikakaa. Padre akasema sasa ni matoleo, na Walburga akasikia moyo wake ukidunda hadi kwenye ubao wa selo.

Upinde ukagusa.

Sauti ya kwanza ilitoka nene na taratibu, ikajaza kanisa bila kupiga kelele. Watu walioinamia pochi zao kutafuta sadaka waliinua vichwa. Gitaa likaingia chini yake, tone kwa tone, na wawakilishi wa jumuiya wakaanza kutoka mlangoni na vikapu vyao, hatua moja mbele, nusu nyuma. Ilikuwa inakwenda! Walburga alifuata mistari yake, ukurasa wa kwanza, wa pili, kila nota mahali pake. Wakafika kwenye mistari mitupu, akainua upinde, na Chande akafungua uwanja wake.

Mungu wangu, aliufungua kweli. Gitaa lilianza kuongea haraka haraka, likasimama, likauliza, likajijibu. Watoto walipanda kwenye mabenchi na hakuna mzazi aliyewashusha. Mzee mmoja wa baraza la parokia, anayejulikana kwa kukunja uso, alionekana akitingisha kiatu. Kisha Chande akarudi mpakani, kwa adabu zote, na selo ikampokea palepale palipoandikwa. Walburga alitaka kupiga kelele kwa furaha. Ukurasa wa mwisho ukaja, kapu la mwisho lilikuwa linakaribia altare, na wimbo wake uliopimwa ulikuwa unakwenda kutua mahali pake.

Hapo nje ikalia honi ya lori la Fuso.

Halafu ngoma. Halafu vigelegele, na mlango mkubwa ukafunguka pande zote mbili.

Lusewa walikuwa wamekuja. Siyo wawakilishi, Lusewa yenyewe. Mbele kina bibi na nyungo za mchele kichwani bila kuzishika, nyuma yao kina mama na kuku, vijana na madumu ya asali, wazee na mbuzi, mmoja wao beberu mweupe mwenye utepe shingoni. Kijana wa kulinda mlango aliinua mkono, bibi wa kwanza akampita bila hata kumwona. Wapiga ngoma, kwa heshima, waliziacha ngoma zao mlangoni, kwa sababu ndani mlikuwa tayari na muziki. Muziki wenyewe ulikuwa umebakiza mistari miwili.

Huku kwetu matoleo hayatembei kimya. Muziki ukikata, miguu inakata, na zawadi iliyosimama njiani ni aibu ya mwenye zawadi. Walburga aliifikia nota ya mwisho, akaivuta, akaivuta mpaka upinde ukaisha. Bado mstari wa watu ulikuwa unaingia. Alifanya alichoweza kukifikiria: akazirudisha karatasi, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Lilikuwa kosa. Mwanzo ule aliuandika kwa ajili ya watu wanaoanza safari, wa taratibu, wa kuingia. Lusewa walishakolea. Bibi wa mbele aliweka mguu, akakuta pa kukanyaga hapapo. Ungo ukayumba, mchele ukamwagika kidogo. Wa nyuma wakamgonga. Mstari mzima ukasimama katikati ya kanisa, beberu akalia, na mtu fulani akacheka cheko la pua.

Mama Mkuu alishusha ratiba yake, akavua miwani.

Selo ilinyamaza. Walburga aliona kabati. Aliliona waziwazi, vioo vyake, na selo imesimama ndani karibu na pasi za mkaa, na jioni zake zote zilizobaki.

Gitaa halikunyamaza. Chande alikuwa ameshika sauti mbili tu, anazirudiarudia kwa chini ili uzi usikatike, na alikuwa ameinama upande wake.

"Dada. Njoo uwanjani."

"Sina nota!"

"Mimi nilishawahi kuwa nazo?"

Mkono ulikuwa umeganda, kama kawaida yake. Walburga alitazama miguu ya yule bibi, peku, imepasuka visigino, imesimama inasubiri. Kitambaa kimepungua, basi. Mteja yuko mlangoni, harusi ni leo, na kitambaa kimepungua. Ni mara ngapi imemtokea? Na mara zote amefanya nini, amelia? Unafumua pindo. Unachukua kile kipande ulichokikunja ndani, unakigeuza, unaunga.

Akafumba macho, akachukua pindo la wimbo wake, zile sauti tatu za mwisho kabisa, akazigeuza nje ndani.

Zilitoka. Chande akasema "Enhe!" kwa sauti, kanisani, na akamsogezea mdundo chini ya miguu yake. Walburga akaziunga tena, akaongeza moja, akaikata ile ya kwanza. Upinde ulianza kuruka mfupi mfupi, taka-taka-taka, mwendo anaoujua mguu wake kwenye kanyagio la cherehani miaka yote hii, na yule bibi akapaona pa kukanyaga. Kigelegele kikapasuka. Mstari ukasogea, na siyo kusogea tu, ulicheza, na waumini kwenye mabenchi wakasimama mmoja mmoja kisha wote. Gitaa liliuliza, selo ikajibu. Selo ikauliza! Hakuwahi kuuliza kitu maishani mwake na selo hii, alikuwa akisoma majibu tu.

Kisha akateleza. Kidole kilikanyaga vibaya kwenye uzi wa klachi, nao, kwa ile baridi, ukanguruma vibaya sana kanisa zima likasikia. Beberu mweupe akauitikia. Watu wakaangua kicheko. Zamani Walburga angetafuta shimo ajifukie. Sasa akaungurumisha tena, makusudi, na beberu akajibu tena, na Chande akaweka mlio ule kwenye mdundo kana kwamba walifanya mazoezi na mbuzi mwezi mzima. Padre mwenyewe alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Sista Notburga alisimama. Alimpa jirani yake mkongojo, akamshika mkono, akacheza palepale alipokuwa, mabega tu, taji limekaa upande.

Dumu la mwisho la asali lilipotua, Walburga alifumbua macho na kumkuta Chande anamtazama. Hakuna aliyetoa ishara. Walimaliza pamoja.

*

Ahadi ni ahadi. Misa ilipoisha Walburga alibeba selo kuelekea ukumbini, na Chande nyuma yake anaongea bila kituo.

"Na nota zako, dada, usizitafute. Beberu amezila."

"Amezila?"

"Ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Ulikuwa umefumba macho. Na uwanja wangu amekula!"

Ukumbi ulinukia pilau. Kabati la Osmund lilisimama ukutani, jipya, vioo vinang'aa, na Osmund mwenyewe pembeni anapangusa alama za vidole. Walburga alilisogelea taratibu. Mama Mkuu Oliva alikuwa ameinama mbele yake, mikono ya kanzu kaikunja, anapunga kitambaa.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mama."

"Milele na milele, amina. Nzi hawa!" Mama Mkuu aliinuka. Nyuma yake, kwenye ile sehemu ya katikati, ndefu, ilisimama keki ya yubilei, ghorofa zake zote, na kuizunguka mikate ya Lusewa na vikombe vya asali. "Nimekosa mahali pengine pa kuifungia. Unataka nini, mwanangu?"

"Nimeleta selo. Tulivyokubaliana."

Mama Mkuu aliitazama selo, akalitazama kabati, akamtazama tena Walburga. Pembe za mdomo wake hazikutulia.

"Unaona nafasi hapo?"

"Siioni, Mama."

"Hata mimi siioni. Na keki ikiisha tutaweka zile taa, ziko nyingi. Jumapili misa ni saa moja kamili. Mwambie na huyo mwenzio asichelewe."

Walburga aliishika selo kwa shingo, kwa nguvu. Kutoka meza ya mbele mkongojo uligonga sakafu mara mbili.

"Walburga! Njoo hapa."

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kile kipande cha mwisho, cha Lusewa. Kimeandikwa na nani?"

"Hakikuandikwa, Sista."

"Nipigie tena."

"Sitaweza kukirudia vilevile."

"Nani amekwambia vilevile?"

Chande alikuwa ameshavuta kreti mbili za soda. Walburga akakaa, akaisimamisha selo katikati ya magoti. Hapakuwa na karatasi mbele yake, palikuwa na bibi wa Lusewa aliyeshika sahani ya pilau, ameacha kutafuna. Akaanzia chini kabisa, kwenye uzi wa klachi, akauvuta mrefu, bila kujua unakwenda wapi.

Kule ukutani vioo vya kabati vikaanza kutetemeka, na keki ndani yake ikatikisika. Osmund aliviwekea kiganja haraka, avitulize. Akasikiliza kidogo. Kisha akakiondoa.